Aliyeachwa Kando ya Barabara ni Abiria



Naanza kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilifuta jina la kijana mmoja katika orodha ya wale waliokuwa wakijitayarisha kupokea Kipaimara. Alikuwa amekosa mafundisho manne mfululizo, na kanuni yetu ilikuwa wazi: anayekosa mara tatu bila ruhusa hungoja mwaka unaofuata. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa katekista, na mwalimu huzoea mapema kuliamini daftari la mahudhurio kuliko uso wa mtoto. Nilichukua kalamu, nikapiga mstari, nikafunga daftari, na moyo wangu ukatulia.

Jumapili iliyofuata mama yake alinijia baada ya Misa. Hakulalamika wala hakulia. Aliniomba tu nifike kwao Jumamosi, saa saba mchana, kabla ya saa ya mafundisho. Nilikwenda. Nilimkuta kijana amekwisha kuoga, amevaa shati safi, ameshika magongo yake mawili. Polio ilikuwa imedhoofisha miguu yake tangu utoto. Mafundisho yalianza saa tisa, nami nilidhani anatoka mapema mno. Mama akaniomba nikae kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, nitazame, nisiseme neno.

Pikipiki ya kwanza ilipunguza mwendo. Motari akayaona magongo, akaongeza mwendo. Ya pili ilifanya vilevile. Ya tatu ilisimama, lakini motari akadai nauli mara mbili: moja ya mtu, nyingine ya magongo. Kijana alikuwa na nauli moja. Ikaja taksi yenye nafasi. Konvoyeri akafungua mlango, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema gari limejaa. Mita chache mbele gari hilohilo likampakia mama mwenye gunia la sombe. Ilipofika saa nane na nusu nilikuwa nimehesabu pikipiki kumi na moja zilizompita. Mmoja wa wale wamotari nilimfahamu vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha katekisimu, na katika somo la matendo ya huruma nilimpa alama nzuri.

Jina la yule kijana nililirudisha jioni ileile. Motari niliyemfahamu nilimwita, nikitaka kumkemea. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa upole: «Mwalimu, ulitufundisha kwamba watu wale ni wa kutembelewa na kusaidiwa. Hukutufundisha kwamba ni abiria.»

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, nami nakiri kwamba limechelewa.

Leo nataka kubishana nanyi, hasa ninyi mnaoishi kwa usukani: wamotari, madereva wa taksi na mabasi, makonvoyeri, na wote wanaosukuma au kukokota ili wengine wafike. Nasema hivi: kumchukua abiria mwenye ulemavu, kwa nauli ileile na kwa ufundi unaostahili, ni deni la haki. Anayemwacha kando ya barabara amemnyima mtu kilicho chake. Na sisi walezi wenu tumewapa kisingizio, kwa sababu kwa miaka mingi jambo hilo tumeliita sadaka. Sadaka mtu huitoa akipenda. Deni halingoji mtu apende.

Wabebaji wa mlangoni

Someni sura ya 3 ya Matendo ya Mitume. Mnakijua kisa hiki: kiwete tangu kuzaliwa, mlango wa Hekalu ulioitwa Mzuri, Petro na Yohane wakipanda kwenda kusali saa tisa. Wahubiri wengi huwakimbilia Petro na Yohane. Mimi naomba tukae kidogo na watu ambao hawatajwi kamwe katika mahubiri, yaani wale waliombeba. Luka anaeleza kwamba mtu huyo alibebwa na kuwekwa pale kila siku. Basi wabebaji wake walikuwa watu waaminifu. Walijua nyumba yake, walijua uzito wake, walikuja jua likiwaka na mvua ikinyesha. Hata hivyo safari yao ilikuwa na kikomo kimoja: mlangoni. Walimbeba hadi mahali pa kuomba sadaka, hawakumbeba hadi mahali pa kumwabudu Mungu. Sura inayofuata inatujulisha kwamba alikuwa na umri uliozidi miaka 40. Miguu yake ilipopata nguvu, mahali pa kwanza alipokwenda ni mle ndani, pamoja na mitume.

Sasa someni sura ya 2 ya Marko. Hapa pia kuna mtu asiyeweza kutembea, na kuna wabebaji wanne. Hawa nao walikuta mlango umezibwa na watu. Wangeweza kumweka nje na kumwambia atulie, ajaribu siku nyingine. Wakapanda juu ya nyumba, wakafungua dari, wakamteremsha hadi miguuni pa Yezu, kwa sababu huko ndiko mtu wao alikokuwa akienda. Mwinjili anasema Yezu aliiona imani yao. Imani ile ilionekana katika nini? Katika kufikisha. Hawakuhubiri wala hawakuimba. Walimfikisha abiria wao mahali alipotaka kufika.

Kila dereva Mkristu yumo katika mojawapo ya makundi haya mawili. Na kila parokia pia.

Visingizio vinne

Nimezungumza na wengi wenu vituoni. Nimesikia sababu nyingi, na zote naziweka katika mafungu manne.

Cha kwanza: «Mwalimu, muda ni pesa.» Nakubali nusu ya neno hilo. Najua kwamba wengi wenu pikipiki si zenu. Jioni kuna kiasi cha kumkabidhi mwenye chombo, na asiyekifikisha hupoteza kazi. Kuna mafuta, kuna tairi, kuna kodi, kuna malipo ya barabarani ambayo hayana risiti. Siwahubirii kama mtu asiyejua ugali unatoka wapi. Lakini tuhesabu pamoja. Kumpandisha abiria mwenye magongo, kwa utulivu, huchukua dakika mbili au tatu. Mara ngapi kwa siku mnakaa kituoni nusu saa nzima mkibishana juu ya mpira? Na ni dakika ngapi mnazotumia kufunga gunia la unga wa muhogo, madumu matatu ya mawese, au mbuzi? Katika vilima vya Bukavu nimeona mlango wa chuma ukipandishwa kwa pikipiki, nimeona kitanda, nimeona godoro likiwa limefungwa kwa kamba mzunguko baada ya mzunguko. Sijamsikia motari akimwambia mwenye mbuzi kwamba mbuzi wake anampotezea wakati.

Kuhusu nauli mara mbili, semeni ukweli. Magongo hayakai kwenye kiti. Kumtoza mtu kwa sababu ya magongo yake ni sawa na kumtoza mwingine kwa sababu ya miguu yake. Kiti cha magurudumu ndani ya taksi ni jambo zito zaidi, nami sitaki kulirahisisha: mara nyingine kinachukua nafasi ambayo abiria mwingine angeilipia. Hasara hiyo ni ya kweli. Swali ni nani aibebe. Sisi tumeizoea njia moja, kumtwika yule ambaye tayari maisha yake yanagharimu kuliko yetu. Wengine wameamua tofauti. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2022 inamkataza dereva wa taksi kumtoza abiria mwenye ulemavu nauli ya ziada kwa sababu ya ulemavu wake, na inamtaka amsaidie pia. Sisi tunaweza kuanza kwa njia yetu: chama cha madereva kigawane hasara hiyo, au shirika la mtaa lichange kidogo. Kilicho cha wote kikibebwa na wote huwa chepesi.

Cha pili ni kisingizio cha mtu mkarimu: «Mimi nikimkuta nambeba bure.» Vema. Lakini je, umewahi kumsikiliza abiria wa bure? Hana sauti. Anayelipa husema: simama hapa, punguza mwendo, nimechelewa, pitia njia ile. Anayebebwa bure husema asante, hata akishushwa mbali na mlango wake. Zaidi ya hayo, ukarimu huo huja siku dereva anapojisikia. Mwanafunzi haendi shuleni siku ambazo dereva amejisikia. Anakwenda kila siku. Mama muuzaji hawezi kufika sokoni mara mbili kwa mwezi na kutumaini kuishi. Na wako wengine, nasema kwa huzuni, wanaombeba mtu mara moja, wakampiga picha, na kabla ya jua kuzama picha imezunguka katika simu za mji mzima. Yule mtu alitaka kufika hospitali, amegeuzwa tangazo. Akikosa nauli kweli, msaidie kama ambavyo ungemsaidia jirani yeyote aliyekosa nauli, kimyakimya. Akiwa na nauli, ipokee. Kupokea fedha yake kwa haki ni namna mojawapo ya kumheshimu.

Cha tatu: «Hiyo ni kazi ya serikali.» Ni kweli, na vijana wa Kikristu wanapaswa kulijua jambo hilo kwa tarakimu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inatamka kwamba mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa hatua maalum kulingana na mahitaji yao. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinadai kwamba barabara, majengo na vyombo vya usafiri viweze kufikiwa na wote. Tarehe 3 Mei 2022 ilitangazwa sheria nambari 22/003 ya kulinda na kukuza haki za watu hao. Huko Marekani, tangu sheria ya mwaka 1990, mashirika ya mabasi ya miji yanalazimika kuwa na magari ya kuwachukua wale ambao ulemavu wao hauwaruhusu kutumia mabasi ya kawaida, na kuyaendesha magari hayo ni kazi kamili yenye mshahara na mafunzo.

Basi ulizeni katika ofisi za mji na za mkoa: sheria yetu inatekelezwa wapi? Ulizeni kwa adabu na mrudi tena kuuliza. Lakini mkiwa bado mnasubiri jibu, msijifiche nyuma ya serikali. Deni la jirani halifuti deni lako. Sheria inapolala katika sanduku la meza, mtu yuko kando ya barabara na mvua inakaribia, na anayepita mbele yake wakati huo si waziri. Ni wewe.

Cha nne ndicho kinachoniumiza zaidi, kwa sababu kinavaa nguo za ibada: «Mungu atamponya.» Hatukatai uponyaji, tunasali kwa ajili ya wagonjwa, na Kanisa linawapaka mafuta matakatifu. Ila kuna sala inayotoka katika uvivu. Tunamwombea mtu atembee kwa sababu tumechoka kumsubiri apande. Katika sura ya 5 ya Yohane kuna mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38, amelala kando ya birika. Yezu anamwuliza kama anataka kuwa mzima. Sikilizeni anachojibu: hasemi kwanza juu ya miguu yake, anasema hana mtu wa kumtia majini. Penye umati mzima, hana mtu! Miaka 38 watu walimruka. Naogopa kwamba baadhi yao walimruka wakiwa wanasali.

Ufundi wa kumchukua mtu

Nikisema ni kazi ya haki nasema pia kwamba ni kazi ya ufundi. Moyo mwema usiojua kitu unaweza kumvunja mtu mguu. Haya yafuatayo nimeyapata kwa sehemu kubwa kutoka kwa motari wa kwaya yetu, ambaye tangu mwaka ule alimchukua kijana wangu wa Kipaimara kila Jumamosi kwa nauli ya kawaida. Yeye naye aliyapata kwa kuwauliza abiria wenyewe.

Neno la kwanza ni kuuliza. «Kaka, nikusaidie namna gani?» Usimshike mtu mkono, usimnyanyue, usimvute, kabla hajakuambia. Yeye ameishi na mwili wake kila siku. Wewe umeonana nao leo. Ongea naye yeye, usiongee na mama yake au mtu aliyemsindikiza kana kwamba mwenyewe hayupo.

Kwa anayetembea kwa magongo: sogeza pikipiki karibu na ukingo au jiwe, ili kiti kisiwe juu mno kwake. Zima injini, simama kwa miguu yote miwili, ngoja hadi aseme yuko tayari. Magongo yafungwe kwa urefu wa pikipiki. Yakikaa kwa upana yatagonga watu na magari. Mpe magongo yake kabla hajashuka, yasiwe ya kutafutwa baadaye. Na liangalieni sana bomba la moshi. Polio kwa kawaida haiondoi hisia za ngozi, lakini aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuwa na mguu usiosikia joto. Mguu huo ukiegemea bomba, utaungua na mwenyewe hatajua hadi afike nyumbani. Dereva ndiye anayepaswa kutazama.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu: funga breki za kiti kabla hajahama kwenda kwenye gari. Ukikiinua, shika chuma cha mwili wa kiti. Sehemu za kuwekea mikono na miguu huweza kuchomoka na kumwangusha. Kwenye mteremko mkali, na ninyi mnaijua miteremko yetu, kiti kishuke kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini ukikizuia. Kikishuka kwa mbele mtu anaweza kutupwa nje.

Kwa asiyeona: jitambulishe kwa sauti, taja bei, weka mkono wake juu ya kiti apime mwenyewe. Mkifika, mwambie yuko wapi na upande gani kuna mtaro. Chenji yake uihesabu kwa kutaja noti moja moja. Anayemwibia faranga mia asiyeona anajua vizuri anachokifanya, na Mungu pia anajua.

Kwa asiyesikia: mtazame usoni unapozungumza, andika bei katika simu, na mkubaliane kwa ishara mahali pa kusimama kabla ya kuondoka.

Mnaona kwamba hakuna hapa jambo la miujiza. Ni mambo ya kujifunza alasiri moja. Tunafundishana kukarabati plagi na kubadili mnyororo. Tunashindwaje kufundishana haya?

Nani ni mzigo?

Kuna neno linanichoma kila ninapolisikia vituoni: «mzigo». Wanaolisema waende Goma, wasimame kwenye mpaka wa Gisenyi. Huko watu wenye ulemavu wamefanya kazi ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli kubwa za magurudumu matatu, zilizopakiwa hadi juu, na nyuma yao wamekuwako vijana wenye miguu mizima wanaolipwa kuzisukuma. Kinshasa pia, kwenye bandari ya Ngobila, wafanyabiashara wenye ulemavu wamejulikana kwa muda mrefu kwa biashara ya kuvuka mto kwenda Brazzaville. Katika kazi hiyo mlemavu ndiye dereva, ndiye mwenye mali, ndiye mwajiri, na mwenye miguu anapata chakula cha watoto wake kwake. Nani basi ni mzigo wa nani?

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, ametenga sehemu nzima, nambari 22, kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Anafundisha kwamba wao ni watu kamili wenye haki zao, na kwamba jumuiya isiyowapa nafasi ya kazi inajidharau yenyewe kwa kuwapokea wenye nguvu tu. Lakini hakuna kazi bila kufika kazini, wala shule bila kufika shuleni. Mafundisho mazuri ya Baba Mtakatifu yanaweza kufa kando ya barabara, mikononi mwa konvoyeri aliyesema gari limejaa.

Baadhi yenu huniuliza: utakatifu una uhusiano gani na pikipiki? Mtazameni Mwenye heri Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26, na akatangazwa mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa mtu wa sala na rafiki wa watoto wa barabarani. Lakini kilichomfikisha kwenye kifo chake ni uaminifu kazini: alikataa rushwa, akakataa kuruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu. Imani yake ilipimwa penye karatasi na mhuri. Imani yenu inapimwa mahali ambapo mtu ameinua mkono na ninyi mmeuona.

Boriti katika jicho letu

Sitakuwa mwaminifu nikiwalaumu madereva peke yao. Huyo abiria mkimfikisha kanisani, atakuta nini? Katika makanisa yetu mengi atakuta ngazi mlangoni. Mafundisho tunayafanya katika chumba cha juu. Choo kina mlango mwembamba. Kiti cha maungamo hakifikiki kwa kiti cha magurudumu. Siku ya kugawa sabuni na mchele tunawaweka walemavu mstari wa kwanza. Siku ya kuchagua viongozi wa shirika tunasahau kuwaita. Tarehe 3 Desemba, siku yao ya kimataifa, tunawapigia makofi, na tarehe 4 hakuna aliyeulizia walirudije nyumbani. Sisi pia ni wabebaji wa Mlango Mzuri. Tunawafikisha mahali pa kupokea, hatuwafikishi mahali pa kutoa.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Daftari langu la mahudhurio lilimhukumu mtu ambaye alikuwa ametoka nyumbani mapema kuliko wenzake wote. Yule kijana alipokea Kipaimara mwaka uleule. Siku hiyo alifika kwa pikipiki ya motari wa kwaya, akalipa nauli, akasubiri chenji yake, akaingia.

Ninachowaomba

Siwaombi machozi. Nawaomba mambo manne. Kila motari na dereva aliye mshirika wa kikundi cha parokia aamue mbele ya Mungu kwamba hatampita abiria mwenye ulemavu aliyeinua mkono wake, ikiwa ana nafasi, na kwamba nauli itakuwa moja. Kila kikundi kiwaalike watu wenye ulemavu wa mtaa wake waje kufundisha alasiri moja namna wanavyotaka kuchukuliwa. Wao ndio walimu, sisi tuketi. Kila shirika lijue ni nani katika mtaa wake haji Misa kwa kukosa usafiri, na litafute dereva mwaminifu wa kupatana naye kwa malipo ya haki. Na ninyi mnaosimama kituoni kama abiria, mkiona mwenzenu akipitwa, msinyamaze. Semeni: «Motari, huyu alikuwa hapa kabla yangu.» Kisha msipande hadi yeye apande. Nina hakika kwamba neno hilo, likisemwa na vijana kumi wa mtaa mmoja, litabadilisha kituo hicho haraka kuliko mahubiri yangu.

Maswali kwa vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani tuliyezoea kumwona kando ya barabara? Tunalijua jina lake? Tunajua alikuwa akienda wapi?

2. Soma Matendo 3, 1-10 na Marko 2, 1-12. Wabebaji wa visa hivi viwili wanafanana katika nini, na wanatofautiana wapi? Kikundi chetu kiko upande gani?

3. Tuhesabu ngazi zilizopo kati ya barabara na altare ya kanisa letu. Ni ipi tunayoweza kuiondoa au kuiwekea njia ya mteremko mwaka huu, kwa mikono yetu wenyewe?

4. Walio madereva kati yetu waseme bila woga: ni hasara gani ya kweli wanayoiogopa, na sisi wengine tutaigawanaje?

Bwana wetu Yezu Kristu, aliyempandisha msalabani mwivi mmoja hadi paradiso bila kumwuliza nauli, atupe macho ya kuuona mkono ulioinuliwa, na breki za kusimama kwa wakati.